Jeneza Lililosita Mingoyo

Mafuta ya taa siku hizi yamekuwa nadra. Watu wanapikia gesi, wanawasha taa za sola, na vibatari vimebaki kwa wachache. Lakini juzi, hapa Lindi mjini ninapoishi, nilikuwa dukani kwa jirani, na mtu mmoja akapitiwa akamwaga mafuta kidogo sakafuni. Harufu ilipanda, nikasahau nilichofuata. Nilisimama pale nimeshika mfuko mtupu, na kwa muda nilikuwa tena mtoto wa Mingoyo, nimechuchumaa jikoni mwa mama, nachungulia chini ya kabati la chakula.

Kabati lile lilikuwa na miguu minne, na kila mguu ulisimama ndani ya kopo la maziwa lililokatwa. Kopo lilitiwa maji, na juu ya maji mama alimimina mafuta ya taa kidogo, yakatanda kwa rangi za bluu na zambarau. Ile ilikuwa ngome yake dhidi ya sisimizi. Mama yangu ni mtu mpole, nawaambia ukweli, lakini sisimizi aliwachukia kama watu waliomwibia. Na kwa kweli walimwibia. Nyumba yetu ilikuwa nyumba ya ng'onda, samaki waliopasuliwa wakatiwa chumvi na kuanikwa juani, na harufu ya ng'onda sisimizi huisikia kutoka mbali kuliko mtu yeyote. Baba aliwafuata samaki hao Sudi, kijijini kwao mama, akaja kuwauza pale Mingoyo kwa wasafiri wanaopanda bara. Mingoyo ni njia panda. Huku barabara ya Mtwara, huku ya kwenda ndani, na katikati yake kila mtu ana haraka na ana njaa.

Baba hakuwa mtu wa pwani. Alizaliwa Rondo, juu kule kwenye misitu na mashamba, na aliishusha kwetu tabia moja ambayo mama hakuizoea mpaka mwisho. Alipenda kuwatazama sisimizi. Mama akiwamwagia majivu, yeye alikwenda upande wa pili wa ua akawawekea kichwa cha ng'onda. Mama alisema nyumba haiwezi kuwa na askari na mpelelezi chini ya paa moja. Baba alicheka tu, akaniita, na sisi wawili tukachuchumaa jioni, kabla ya magharibi, vichwa vyetu vikikaribia kugusana.

Sijui kama umewahi kuwatazama kwa makini, msomaji wangu. Kwanza anakuja mmoja, anakizunguka kile kichwa, anakigusa kwa vipapasio vyake, anaondoka mbio. Baada ya muda wanakuja wengi, wale wadogo weusi wenye miguu mirefu na wasiotulia, kila mmoja anang'ata anapopapata. Wa huku anavuta huku, wa kule anavuta kule, na kichwa kinatetemeka mahali pamoja. Unasema hawa hawatafika. Halafu ghafla kinaondoka. Kinaondoka kama kilichokumbuka jambo, kinateleza juu ya mchanga kuelekea ufa wa ukuta wao, na walio mbele wanavuta, na walio nyuma wananyanyua.

Mchezo wetu ulikuwa kubahatisha. Kikifika penye kijiwe, kichwa husita, hurudi nyuma, huyumba kushoto na kulia, na hapo baba aliniuliza kitapita upande gani. Mimi nilimchagua sisimizi mmoja mkubwa aliyejikaza kwa nguvu zake zote, nikasema kitakwenda anakovuta huyu. Nilishindwa kila mara. Baba alishinda kila mara, na mshindi alipewa kukwaruza ukoko wa wali, kwa hiyo haikuwa jambo la mzaha. Siku moja nilinuna nikamwambia anawajua kwa majina. Hapo ndipo aliponifundisha siri yake.

"Usimtazame anayekazana," alisema. "Mtazame anayefika sasa hivi. Huyo ametoka nyumbani, njia bado anaijua."

Nikamuuliza, basi mkubwa wao ni nani, yule anayewaamuru. Alisema hawana. Sikumwamini. Kwetu hata wachezaji wa rede walikuwa na mkubwa wao, na msikitini palikuwa na imamu, na sokoni palikuwa na mzee wa soko. Niliendelea kumtafuta kwa siri yule sisimizi mkubwa, nikitumaini labda amevaa kitu kichwani. Sikumpata.

Baba alifariki kwa homa iliyoanza kama mafua. Aliugua siku chache, akapelekwa zahanati, akarudi akasema amepata nafuu, na asubuhi moja baada ya sala ya alfajiri mama alimwita na hakuitika. Nilikuwa na umri wa kuanza darasa la tatu. Watu wazima hudhani mtoto wa umri huo haelewi kifo. Nilielewa. Nilielewa kwamba baba hataamka. Nisichokielewa ni kwa nini watu wote walikuwa na shughuli nyingi, wanaleta mikeka, wanachota maji, wanaulizana kuhusu sanda na ubani, wakati mtu mwenyewe amelala chumbani na hakuna anayezungumza naye.

Kabla ya adhuhuri shughuli iligeuka ugomvi. Fuso liliingia Mingoyo kutoka bara, limejaa wanaume wa Rondo, ndugu zake baba. Aliyewaongoza alikuwa Baba Mdogo Hamisi, mtoto wa mama mdogo wake baba, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa. Baada ya salamu na kilio, alikaa barazani na wazee wa Mingoyo na wajomba zangu kutoka Sudi, akasema wamekuja kumchukua mtu wao. Watamzika Rondo, ubavuni kwa mama yake mzazi.

Hapa nisimame kidogo niwaeleze, maana bila hilo hamtajua uzito wake. Kwa watu wa kule alikotoka baba, mtu ni wa upande wa mama yake. Anayesema neno la mwisho juu yake, akioa, akiugua, akifa, ni mjomba wake, ndugu wa mama. Mjomba wake baba alikuwa mzee mmoja tuliyemwita Babu Salumu. Zaidi ya kuwa mjomba, yeye ndiye aliyemlea. Mama yake baba alifariki baba akiwa bado hajaota meno yote, na Babu Salumu, kaka mtu, akambeba mgongoni akaenda naye shambani kama mwanamke. Alikuja kwetu mara chache, na kila alipokuja alileta njugu mawe na mihogo, akala ng'onda kwa kelele za furaha, akaondoka. Siku ile alikuwa hajafika. Alikuwa kwenye shamba la mbali na habari ilimfikia kwa kuchelewa. Baba Mdogo Hamisi alisema hakuna haja ya kumsubiri, mjomba akija atasema hivyohivyo.

Watu wa upande wa mama nao walikuwa na maneno yao. Walisema maiti huzikwa alipofia, tena haraka, na kumpandisha mtu milimani kwenye lori siku ya jua kali ni kumtesa. Walisema mkewe yuko hapa, mtoto wake yuko hapa. Mama alikuwa ndani amekwishaingia eda, haruhusiwi kutoka, na wanawake walipomletea maneno ya barazani aliuliza jambo moja tu, yeye atamzuru vipi Rondo. 

Mimi nilikuwa nimejibanza mlangoni nikisikia yote. Rondo sikuwahi kufika. Nilipajua kama kile chumba cha mbali ambamo vitu vya nyumba huwekwa na havionekani tena. Niliamini kabisa kwamba baba akipelekwa huko nitamsahau uso, na sikuwa na picha yake hata moja. Akizikwa Mingoyo, nilifikiri, nitakwenda kila jioni nichuchumae. Hilo tu ndilo nililolitaka duniani siku ile, na hakuna mtu aliyekuwa akiniuliza.

Alasiri ikakaribia na wazee hawakuafikiana. Imamu alisema jambo moja la busara na jambo hilo ndilo lililotuletea balaa. Alisema tumswalie kwanza, mengine baadaye. Wakamswalia. Lakini baada ya sala ya maiti hakuna anayekaa kubishana mbele ya jeneza. Ni aibu. Kila mtu alinyamaza kwa adabu, na kila upande ukadhani ukimya wa wenzake ni kukubali. Wa Rondo wakainua jeneza wakijua linakwenda kwenye fuso. Wa Mingoyo na Sudi wakaweka mabega wakijua linakwenda makaburini.

Msikiti wetu ulikuwa kwenye mgawanyiko wa njia. Ukitoka mlangoni, kulia ni kijia cha makaburini kati ya mikorosho, kushoto ni barabara lilipokuwa fuso, nyuma limefunguliwa. Nyumba yetu ilikuwa juu kidogo, na nyuma ya jiko palikuwa na rundo la tofali ambazo baba alizifyatua za kuongezea chumba. Wanawake hawafuati jeneza, na watoto wa kike hawaruhusiwi kuchungulia. Nilipanda juu ya tofali nikachungulia.

Ninaloliona hadi leo nikifumba macho ni lile shuka la kijani lililofunika jeneza. Jeneza lilitoka mlangoni juu ya vichwa vya watu, ikisikika "Lailaha illallah" kutoka vifuani vyao, kofia nyeupe zimejaa mpaka barabarani. Mnajua jinsi jeneza linavyobebwa kwetu. Hakuna anayelibeba mpaka mwisho. Unaweka bega hatua chache, unapata thawabu yako, mwingine anakuja kwa nyuma anakupokea, unatoka pembeni, unakimbia mbele ukapokee tena. Kwa mbali huoni mikono ikibadilishana. Unaona jeneza linaelea tu.

Lilielea hatua kadhaa, likasimama. Likaenda kulia kidogo, likasita. Likarudi kushoto, likaenda karibu na fuso mpaka moyo wangu ukalia, likasita tena. Hakuna aliyesema kitu isipokuwa ile kalima, na kalima ikazidi sauti, na jeneza likawa linayumba palepale kwenye njia panda, huku na huku. Wanawake waliokuwa kisimani walianza kunong'ona kwamba marehemu anakataa. Bibi mmoja alisema ameona mambo hayo zamani, mtu anakuwa mzito hataki kwenda asikokupenda.

Mimi niliwatazama wale watu kutoka juu na nikajua nilikwishawaona. Ilikuwa uani kwetu, na kile kichwa cha ng'onda, na kijiwe. Nilijikuta namtafuta anayefika sasa hivi.

Basi ndiyo, aliyefika alikuwa Babu Salumu. Alikuja kutoka upande wa kituo cha mabasi, kwa njia ya mkato inayopita nyuma ya jiko letu, amevaa kanzu iliyojaa vumbi na viatu vya shamba. Alikuwa akihema. Aliponiona juu ya tofali alisimama. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kama wamekwishamtoa. Nikamwonyesha kwa kidole. Alitazama chini kule kwa muda mrefu, jinsi lilivyokuwa likienda na kurudi, na uso wake ulikunjamana kama wa mtu aliyeumwa tumbo. Kisha akanigeukia akaniuliza kitu ambacho siku ile nzima hakuna mtu mzima aliyeniuliza.

"Wewe, mwanangu, unatakaje?"

"Nataka abaki hapa, babu. Nimwone."

 Aliweka kiganja chake juu ya kichwa changu, kizito na kikavu, akavua viatu vyake akaviacha kando ya tofali, akateremka pekupeku. Niliona kofia zikimpisha. Niliona nyuso za watu wa Rondo zikikunjuka, maana mjomba amefika. Akaingia mbele kabisa, akamgusa aliyekuwa pale, akapokea.

 Nilijua amekuja kumchukua mtu wake na kwamba aliponiuliza alikuwa ananipoza tu, kama wakubwa wanavyowauliza watoto wanataka nini huku mfukoni hamna kitu. Jeneza likatikisika. Likageuka taratibu, sehemu ya mbele ikatangulia, na wote waliokuwa chini yake wakageuka nalo, wa Rondo na wa Sudi, wakiendelea na kalima yao. Likashika kijia cha kulia. Likaingia kati ya mikorosho, shuka la kijani likaonekana, likapotea, likaonekana, likapotea moja kwa moja.

Niliteremka nikakimbilia chumbani kwa mama, nikamwambia baba amemshinda Babu Salumu nguvu, amekataa kwenda Rondo, anabaki na sisi. Mama alinivuta kifuani akalia kwa namna ambayo hakuwa amelia tangu asubuhi.

Jioni ile fuso liliondoka. Wanaume wa Rondo walikaa nyuma, na Babu Salumu alikaa mwisho kabisa, mgongo wake kwetu, ameshavaa viatu vyake. Hakuniaga mimi. Mama alisema alikuja mlangoni akampa pole, akasema mtoto asomeshwe, basi.

Niseme ukweli, nililitumia jambo lile. Nilikua bila baba, lakini nilikua na baba aliyekataa kwenda. Madrasani, wenzangu walipojigamba, huyu baba yake ana duka, yule baba yake ni dereva, mimi niliwaambia wangu amegeuza jeneza mbele ya watu wote, na walionifahamu walikubali kwa vichwa, maana hata mama zao walilisema. Nilikwenda makaburini nikachuchumaa kama nilivyojiahidi. Nilimsimulia masomo. Nikifaulu nilimwambia, nikifeli nilimwambia kwa sauti ya chini. Usichana wangu wote ulisimama juu ya lile jambo moja, kwamba kati ya njia mbili alinichagua mimi.

Kisha nikaenda kusoma, na katika masomo yote yaliyopo nikachagua fizikia. Sasa naifundisha sekondari hapa Lindi. Nilipokuwa chuoni niligundua kwamba kuna watu wazima na akili zao wanaochuchumaa kama mimi na baba, wanawatazama sisimizi wakibeba, na wanaliandika kwa hesabu. Wanasema wakiwa wachache mno mzigo unayumbayumba hovyo. Wakiwa wengi mno wanajifunga, wanalazimishana mwelekeo mmoja hata kama mbele ni ukuta. Lakini upo wingi wa katikati ambapo wote wanavutana kwa nguvu zinazolingana, na hapo mzigo unakuwa mwepesi wa kugeuzwa, hata na mmoja. Huyo mmoja ni yule aliyetoka nje karibuni, anayeijua njia. Anaongoza kwa muda mfupi. Halafu naye akiwa ameng'ata pale gizani chini ya mzigo, asione kitu, anapotewa na njia kama wenzake, anabaki mvutaji tu, mpaka aje mwingine. Nilifurahi sana niliposoma hayo. Nilitamani kumwambia baba kwamba alikuwa sahihi, na niliporudi likizo nilikwenda nikamwambia.

Utaniuliza ilikuwaje basi nisione lililokuwa mbele ya macho yangu. Nami najiuliza. Nilikuwa na maarifa yote mkononi kwa miaka, na sikuyapeleka pale kwenye njia panda, kwa sababu sehemu ile ya moyo wangu ilikuwa imefungwa na sikutaka itikiswe.

Aliyeitikisa ni mwanafunzi wangu wa kidato cha pili. Nilikuwa nikifundisha kani. Nimechora ubaoni mzigo na sisimizi wanaouzunguka, kila mmoja na mshale wake, mrefu au mfupi, huku na kule, ili waone jinsi mishale inavyofutana. Msichana mmoja wa dawati la mbele, mwenye maswali mengi kuliko madaftari, akauliza mzigo wenyewe unavuta wapi. Nikamjibu bila kufikiri kwamba mzigo hauvuti popote. Una mshale mmoja tu, wa uzito wake, nao unaelekea chini. Nikauchora. Mshale mmoja, mnyoofu, kwenda ardhini.

Nikautazama ule mshale na chaki ikabaki mkononi. Wanafunzi walidhani nimesahau somo. Niliwaambia waandike walichokiona ubaoni, nikatoka nje, nikasimama nyuma ya darasa nikalia kama mtoto. Baba alikuwa na mshale mmoja tu siku ile. Hakuvuta kulia. Hakuvuta kushoto. Watu walivutana mpaka nguvu zao zikalingana, na mtu mmoja akaja kutoka nje, na nilimwona kwa macho yangu, na alikuwa ametokea kwangu.

Jumamosi nilikwenda Mingoyo nikamuuliza mama. Alikuwa akigeuza ng'onda zake kwenye chanja. Alisema alidhani najua siku zote. Kule makaburini, baada ya kufukia, Baba Mdogo Hamisi alimfokea mjomba wake mbele ya watu, jambo lisilofanyika, akamuuliza amewezaje kumwacha mtoto wa dada yake kwenye ardhi ya wageni. Babu Salumu alimjibu kwamba mwenye baba amekwishasema. Hakueleza zaidi. Mama aliniambia hayo huku anafukuza nzi, kwa sauti ya kawaida.

Nilikuwa nimempoteza baba mara ya pili. Sicheki nikisema hivyo. Yule baba aliyenichagua hakuwahi kuwepo, na mahali pake palikuwa na mzee mwenye vumbi ambaye sikumshukuru, sikumtembelea, na katika hadithi zangu zote nilimfanya mtu aliyeshindwa. Nilimwambia mama nitakwenda Rondo. Akasema Babu Salumu amekwishafariki, miaka mingi sasa, lakini niende tu, nisikose kumwona Shangazi Fatuma, binti yake.

Rondo kuna baridi asubuhi, na udongo ni mwekundu. Shangazi Fatuma alinipokea kana kwamba nilitoka jana, akaninywesha uji, akaniuliza habari za Mingoyo zote, kisha nikamwomba anipeleke kwa babu nikamsomee. Tulipita kwenye mikorosho mpaka mahali pa makaburi ya ukoo wao. Alinionyesha la Babu Salumu. Alinionyesha la dada yake, bibi yangu ambaye sikumwona. Kati ya hayo mawili palikuwa na tuta jingine, fupi kidogo, limezungushiwa mawe kwa uangalifu, majani yameota juu yake. Nikamuuliza la nani.

Shangazi alisema, ni la baba yako.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akakaa chini akanieleza. Asubuhi ile, kabla fuso halijaondoka kuja Mingoyo, vijana walichimba kaburi kabisa ili maiti asisubirishwe. Fuso liliporudi bila maiti, walikuwa bado wamekaa ukingoni na majembe yao. Na kwao kaburi likishachimbwa haliachwi wazi, wanasema litaita mwingine. Babu Salumu hakuwaruhusu vijana. Alikwenda mwenyewe shambani, akakata mgomba, akaupima urefu wa mtoto aliyemlea, akaulaza mle ndani kwa mikono yake, akafukia. Shehe wa kule alinuna, akasema hayo si ya dini. Babu alimwambia amsamehe, akaendelea kufukia.

Baada ya hapo, kila Ijumaa alikwenda pale. Alipalilia, akapanga mawe, akakaa. Miaka yote mpaka nguvu zilipomwisha. Watoto wake walimwonea huruma, na wengine waliona haya, maana watu walishaanza kusema. Walimwambia kwamba mle hamna mtu, mna mgomba.

"Alikuwa akisema, najua," shangazi alisema. "Hayo tu. Najua. Halafu anang'oa majani."

Nilikuwa mtoto aliyeulizwa anataka nini, nikasema, nikapewa. Sikujua kwamba nilipopewa, kilitoka kwa mtu. Alikuwa na haki yote, na mabega yote ya Rondo yalikuwa upande wake, na aliyatumia kuniletea baba yangu karibu, kisha akapanda fuso akarudi nyumbani kuzika mgomba. Nikamsomea Fatiha yeye na dada yake. Kisha nikavua viatu, nikachuchumaa kwenye lile tuta la katikati, nikaanza kung'oa majani.

Shangazi aliniambia nisijisumbue, mle hamna mtu.

Nikamwambia najua.